Ingieni na Bibi Yenu: Hotuba kuhusu Nyumba za Makumbusho za Lamu

Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya walimu wa historia na Kiswahili waliokuwa wakipanga kuwapeleka wanafunzi Lamu. Nimeiandika upya kutoka kwenye vikaratasi vyangu. Vicheko sikuviandika. Mahali ambapo msomaji hatacheka, ajue hata ukumbini hawakucheka.

Asalaam aleikum. Hamjambo, walimu wenzangu.

Mwenyekiti amenitambulisha kwenu kama mtaalamu wa makumbusho. Namshukuru, lakini kanzu hiyo si yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mwingi, niliyepokea barua ya uhamisho wa kwenda Lamu nikalia siku mbili. Nilidhani napelekwa mwisho wa dunia. Nikakaa miaka kumi na mmoja, na siku ya kuondoka nikalia tena, mashuani, mbele za watu, mpaka nahodha akanipa kitambaa chake cha kufutia injini.

Nimeombwa nizungumze juu ya safari yenu. Mna orodha ndefu, nimeiona. Mnataka Jumba la Makumbusho, Ngome, Nyumba ya Kiswahili, Posta ya Wajerumani, magofu ya Takwa kule Manda, na bado mrudi Mokowe, gatini upande wa bara, kabla ya jua kutua. Hiyo walimu si ziara, ni mbio za kupokezana vijiti. Dakika zangu nyingi leo nitazitumia ndani ya nyumba moja tu, na mtaona kwa nini. Lakini hayo mengine tuyapitie, maana najua kuna mtu hapa ameshayaandika kwenye barua ya kuombea ruhusa.

Jumba la Makumbusho liko pwani kabisa, linatazama maji. Ni nyumba kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19, yenye roshani mbele, na kabla halijawa makumbusho lilikuwa makazi ya maofisa wa Kiingereza waliotawala Lamu. Mwanafunzi akisimama pale barazani mwulizeni jambo moja: mtawala alichagua kukaa hapa kwa sababu gani? Kisha mwambieni ageuke aitazame bandari. Kila jahazi lililoingia na kila lililotoka alikuwa akiliona akinywa chai yake.

Ngome iko hatua chache kutoka hapo, nyuma ya ule uwanja wenye miti na wazee. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Sababu yake ninyi watu wa Mombasa hampendi kuikumbuka. Mazrui wenu, waliotawala Mombasa, walishikana na Pate wakaenda kuipiga Amu, ndiyo Lamu kwa jina la wenyewe, wakashindwa pale kijiji cha Shela, maji yakiwa yamekupwa na majahazi yao yamekaa mchangani. Watu wa Amu, pamoja na ushindi huo, hawakulala usingizi. Walijua Mombasa itarudi, wakamwita Sayyid Said wa Oman awalinde, naye akaleta askari na kuisimamia ngome. Mlinzi huyo hakuondoka tena. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, na jela ikabaki jela hata baada ya uhuru, mpaka 1984. Mkienda na mtu mzima wa Amu atawaambia ngome ile kwao ilikuwa ni mahali pa kutishia watoto watundu. Ukimwambia ni urithi wa dunia anakuitikia kwa adabu tu.

Posta ya Wajerumani ni chumba kidogo ambacho wengi hukipita bila kukiona. Ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888 na ikafungwa tarehe 3 Machi 1891. Miaka miwili na miezi mitatu, basi. Wajerumani walikuwa wamejipatia ardhi Witu, kule bara, kwa mkataba wa ndugu wawili Wajerumani, akina Denhardt, na Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, nao walihitaji mahali pa kupitishia barua. Kisha 1890 Berlin na London wakakaa mezani. Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, nayo ikaachia madai yake ya Witu. Mkiwa mnafundisha kugawanywa kwa Afrika, chumba kile kinatosha kwa vipindi viwili. Watoto wa kidato cha pili hawaelewi kitu kinachoitwa mkutano wa Berlin. Posta iliyofungwa kwa sababu ya kisiwa ambacho hakuna mtu wa Witu aliyewahi kukisikia, hiyo wanaielewa.

Haya. Sasa tuingie nyumbani.

Mara ya kwanza niliyowapeleka wanafunzi wangu katika Nyumba ya Kiswahili nilifanya kosa ambalo nyote mnakaribia kulifanya. Niliandaa karatasi ya maswali. Maswali ishirini, na kila mtoto penseli yake. Nikawaingiza arobaini na wawili kwa mkupuo katika nyumba ambayo chumba chake hakizidi mita 3 kwa upana. Wakabanana kama dagaa, kila mmoja ananakili maelezo ya ukutani, wa nyuma ananakili kwa wa mbele. Dakika ishirini tukawa nje. Nilirudi shuleni nimefurahi, karatasi zimejaa.

Mwezi mmoja baadaye nikawapa insha: eleza nyumba ya Mswahili wa kale. Mtoto mmoja, tena mwerevu, akaandika hivi: nyumba ya kale haikuwa na madirisha kwa sababu watu wa kale walikuwa maskini na hawakuweza kununua vioo.

Niliicheka ile insha, kisha nikanyamaza. Mtoto yule alikuwa ameingia katika nyumba ya tajiri. Karne ya 18, kuta nene za mawe ya matumbawe, lipu ya chokaa iliyochongwa nakshi ukuta mzima, mahali pa kuwekea vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina. Akatoka akidhani ameona umaskini. Na mimi ndiye niliyempeleka.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja, mtaa wa nyuma ya msikiti. Jina lake sitalitaja, mwenyewe hakupenda kutajwa. Nilikuwa nikimwita Bi. Jioni ile nikamsimulia juu ya insha, tukacheka wote, kisha nikamwuliza: Bi, wewe ile nyumba ya makumbusho umeiona? Akasema hajawahi kuingia. Amezaliwa Amu, ameolewa Amu, amezika mume Amu, na nyumba yenyewe iko vichochoro vichache tu kutoka kwake. Kwa nini? Akanijibu, "Pale ni pa wageni."

Jumamosi nikamkatia tiketi. Alivaa buibui lake jipya kana kwamba anakwenda kwenye harusi, akamshika mjukuu wake mkono, tukaenda polepole tukiwapisha punda. Na hapo, walimu wenzangu, ndipo mimi nilipoiona ile nyumba kwa mara ya kwanza.

Mimi nilitaka kuingia moja kwa moja. Bi akakaa. Nje ya mlango wa nyumba ya Kiamu pana daka, kibaraza kilichofunikwa chenye viti vya mawe kushoto na kulia, na yeye akaketi pale kama mtu aliyefika kwa jamaa. Nikamwambia Bi, tunaingia ndani. Akasema, "Hujapiga hodi." Mtembeza wageni akacheka, lakini Bi hakuwa akitania. Daka ndipo mahali pa mgeni wa kiume anayekuja kwa shughuli. Anaketi hapo, kahawa inamfuata hapo, na maneno yake yanaishia hapo. Nyumba haijamkataa, ila haijamruhusu kuona kitu.

Ukivuka kizingiti huoni nyumba. Unaona ukuta. Njia inapinda, unapita katika kijiukumbi wanachokiita tekani, ndipo unatokea uani. Macho ya mpita njia hata mlango ukiwa wazi yanagonga ukuta na kurudi. Ile ndiyo sitara, na mtu akikosa kuielewa sitara hawezi kuelewa chochote kingine katika nyumba ile. Upande wa barabarani hakuna madirisha. Mwanga na upepo vinashuka kutoka juu, uani, na vyumba vyote vinaugeukia ua huo kama watu waliokaa kuzunguka sinia. Jibu la insha lilikuwa hapo. Nyumba haikukosa madirisha, ilikataa tu kuyaelekeza mtaani.

Uani pana kisima. Bi akainama akachungulia, akamwambia mjukuu wake kuwa maji ya visima vya mjini yana munyu, yaani chumvi, na kwamba wakati wa utoto wake maji ya kunywa yalibebwa na punda. Kisha tukaenda kwenye birika la choo. Humo ndani ya maji, walimu, mnaweza kukuta samaki wadogo wakiogelea. Si mapambo. Wanakula viluwiluwi vya mbu. Mjukuu akauliza kama samaki hao huliwa, bibi yake akampiga kikofi cha mgongoni. Hebu fikirieni mtoto wa sayansi angejifunza nini hapo katika dakika tano kuhusu malaria, na mimi niliwapitisha arobaini na wawili hapo hapo wakiandika neno "birika" na urefu wake.

Vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Cha kwanza msana wa tini, kinachofuata msana wa yuu, kisha chumba kinachoitwa ndani. Sakafu inapanda kidogo kila unapoingia, na faragha inapanda nayo. Wembamba huo una sababu nyepesi kabisa. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri, iliyonyooka, inayoweza kubeba uzito wa mawe na chokaa, ina kikomo. Mita 2.5, au 3 ukibahatika. Kwa hiyo tajiri na asiye tajiri wote walijenga kwa kipimo cha mti mmoja. Tajiri akitaka nafasi aliongeza urefu, au aliongeza ghorofa, au alijenga wikio, kile chumba kinachoruka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Naligusia hili kwa ajili ya walimu wa hesabu, maana najua mmekuja kwa sababu ya chakula cha mchana.

Tulipofika kwenye zidaka Bi alisimama muda mrefu. Kidaka ni kishubaka kilichochongwa ukutani, na ndani kabisa kuna ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, lipu imekatwa nakshi ya maua na pindo. Watalii hupiga picha hapo kuliko mahali popote. Mtembeza wageni, kijana mwenye adabu, akaeleza kwamba ndimo walimopanga sahani za kauri, na kwamba wapo wataalamu wanaosema zilikuwa pia kinga ya jicho la hasidi, macho yaishie kwenye sahani yasimfikie bibi harusi. Ni maelezo mazuri, wala siyapingi. Bi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Za mamangu zilikuwa na sahani mbili, msahafu, funguo, na chupa ya dawa ya kikohozi."

Kijana akacheka kwa sauti. Mimi pia. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuviona vishubaka vile bila ile chupa ya dawa ya kikohozi, na nawaambia kweli, ndiyo iliyonifanya niamini kwamba watu waliishi mle. Nyumba ya makumbusho hupangwa kwa siku ya mgeni. Kila kitu mahali pake, mrashi, chetezo, kasha la Bara Hindi, kiti cha enzi chenye vipande vya mfupa na mpingo ambacho hakuna mtu aliyekikalia kwa raha tangu kitengenezwe. Siku nyingine 360 za mwaka, walimu, hazimo katika kabati lolote la kioo. Zimo vichwani mwa watu kama Bi.

Alikagua kitanda. Kitanda cha ulili kimesukwa kwa kamba, kiko juu, na mtu hukipanda kwa kigoda. Akabonyeza hewa kwa kiganja bila kugusa, kwa sababu kijana alishatuonya tusiguse, akasema godoro lilikuwa la sufi, na kwamba kila baada ya muda sufi ilitolewa ikaanikwa darini na watoto wakapigwa kwa kuirukia. Akaona mbuzi wa kukunia nazi akacheka, maana kwake alikuwa na mwingine kama huyo na asubuhi ile ile alikuwa amemkalia. Akamwuliza kijana kwa upole kabisa kwa nini kitu kisichokufa kimewekwa na maiti.

Kisha tukafika nyuma kabisa, kwenye chumba kidogo cha giza baada ya ndani. Wanakiita nyumba kati. Humo mwanamke alijifungua, na humo maiti alioshwa kabla ya kutolewa kwenda kuzikwa. Mtembeza wageni akaingia, mimi nikaingia, mjukuu akaingia. Bi alibaki mlangoni. Nilidhani amechoka. Nikageuka kumwita nikaona midomo yake inacheza, mikono ameikunjua. Alikuwa anasoma Fatiha. Hakukuwa na jina la marehemu ukutani, wala picha, wala tarehe. Kwake kile hakikuwa chumba cha maonyesho. Kijana akatoka taratibu akasimama kando, nami nikatoka. Hakuna aliyesema kitu mpaka tuliporudi uani kwenye mwanga.

Nimewahi kuwasimulia watu habari hiyo, wengine wakaniuliza basi maana yake nini. Sina maana ya kuwapa. Nawaambia tu kwamba mle ndani niliwahi kupita na watoto arobaini na wawili, wakibishana nani kaiba kifutio.

Lipo jambo moja ambalo Bi hakulisema, na mimi sikumwuliza kwa sababu nilikuwa mgeni wake. Kisima kile, nani alichota? Boriti zile kutoka mikokoni, nani alikata na kubeba? Matumbawe yalichongwa na nani, chokaa ilichomwa na nani? Nyumba za mawe za karne ya 18 na 19 ziliendeshwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa katika pwani yetu ulifutwa kisheria 1907 tu. Hiyo si zamani sana. Kuna watu walioishi mpaka tukawaona sisi ambao wazazi wao waliishi chini ya sheria ile. Mwanafunzi akishangaa uzuri wa zidaka mwacheni ashangae, ni nzuri kweli. Kisha mpelekeni kisimani mkamwulize kamba ilishikwa na mkono wa nani, na yule mtu alilala wapi usiku. Msiwapatie jibu haraka. Baadhi ya watoto mtakaokwenda nao ni wajukuu wa waliokaa ndani, wengine ni wajukuu wa waliochota maji, na wengine ni wa pande zote mbili, na nyumbani kwao hawajawahi kuambiwa.

Sasa nirudi kidogo kwenye Jumba la Makumbusho kwa sababu ya siwa, la sivyo watu wa Amu watanisuta.

Siwa ni baragumu. Ziko mbili zilizo maarufu, ya Amu ya shaba na ya Pate ya pembe za ndovu. Ile ya Pate inakaribia, na kwa wengine inapita, kimo cha mtu, na umri wake ni zaidi ya miaka 300. Haipulizwi kwa ncha kama tarumbeta ya bendi ya shule, tundu lake liko ubavuni. Ilipigwa katika shughuli za watu wakubwa, kutawazwa, harusi, tohara, na si kila ukoo ulikuwa na haki ya kupigiwa. Hapo ndipo penye kisa. Masimulizi ya Pate yanamtaja mwanamke, Mwana Darini, aliyetaka kumfanyia mwanawe shughuli ya tohara akaomba siwa akanyimwa. Hakukubali kuaibika. Akamwita fundi akamchongea siwa yake mwenyewe, ya pembe. Masimulizi yana matawi mengi, kila mji una lake, na mkiwauliza mtu wa Pate na mtu wa Amu kwa pamoja mtengeni muda wa kutosha na maji ya kunywa. Lakini mimi nakipenda kwa sababu mtoto wa darasani, anayejua vizuri kunyimwa kitu mbele ya wenzake, hahitaji kuelezwa kwa nini Mwana Darini alikasirika.

Bi aliitazama ile siwa ya pembe ndani ya kioo chake. Akauliza, "Nani aliyebaki ajuaye kuipiga?" Kijana wa pale akafikiri kidogo, akakiri hajui.

Karibu na hapo kuna vielelezo vya vyombo vya bahari, na mtepe ndio wa kutazamwa kwanza. Chombo kilichoshonwa, hakina msumari, mbao kwa mbao zimefungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake ni la mkeka, la mraba. Mitepe ilikoma kusafiri mwanzoni mwa karne ya 20. Watoto watauliza kwa nini wasitumie misumari. Mwacheni mmoja wao ajaribu kushona vipande viwili vya mbao kwa kamba, kisha avitumbukize kwenye ndoo. Ataona kamba inavimba na mshono unabana, na chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba hukubali kupinda kidogo badala ya kupasuka. Na jengo lile halihusu Waswahili peke yao. Waboni, Wapokomo na Waorma wamo pia, kwa sababu bandari ya Lamu ilikula asali ya Waboni wa msituni, na mpunga na ndizi za Wapokomo wa Mto Tana, na nyama ya ng'ombe wa Waorma. Mji wa mawe hauli mawe.

Nimebakiwa na dakika kama sita. Mambo ya kazi, haraka haraka.

Wagaweni wanafunzi makundi ya wanane, kundi moja Nyumba ya Kiswahili, jingine Ngome, jingine pwani, wapokezane. Msiwape karatasi ya maswali mle ndani. Wapeni kazi moja tu: kila mtoto achague kitu kimoja, akitazame kwa dakika kumi, kisha jioni amtafute mtu mzima amwulize kilikuwa kinafanya kazi gani na kinaitwaje. Kiamu, lahaja ya Lamu, kina maneno ambayo hamtayakuta katika kamusi zenu za shule. Watoto wenu watapenda kuambiwa tini na yuu badala ya chini na juu, na neno ndoo likimaanisha njoo litawachekesha wiki nzima.

Kutoka Nyumba ya Kiswahili wapelekeni kwa maseremala. Bado wapo, wanachonga milango. Mtoto aliyetoka kuona mlango wa miaka 200 amwone kijana akipiga patasi kwenye mfaa wa mlango utakaotundikwa mwezi ujao hotelini. Mji Mkongwe wa Lamu uliandikishwa UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni, zikakarabatiwa vizuri sana, na waliokuwa wakikaa ndani wakahamia mtaa wa Langoni au pembeni zaidi. Mtu atawaambia huo ni uokoaji, mwingine atawaambia ni uhamisho. Wote wawili mtawakuta baraza moja, wanacheza bao.

Mavazi, mnajua. Mabega na magoti yafunikwe, si kwa ajili ya makumbusho, ni kwa ajili ya vichochoro, maana mnapita mlangoni mwa watu. Kumpiga mtu picha bila ruhusa, hapana. Punda akija anapishwa yeye, si ninyi.

Na kama mna mtoto mwenye bibi au babu aliyetoka visiwani, Faza, Siyu, Pate, Matondoni, popote, mlipieni nauli huyo mzee awe mwongozaji wenu wa pili. Ni gharama ya kiti kimoja basini. Atachelewa kutembea. Ataketi kwenye daka wakati ninyi mnataka kuingia. Kaeni naye.

Bi amekwishafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mjukuu wake aliyeuliza juu ya samaki sasa ni nahodha wa mashua ya Mokowe, na namba yake nitampa mwenyekiti baada ya kikao.

Ee, mwalimu wa pale nyuma mwenye kofia, umeinua mkono tangu nilipotaja Ngome na nimekupita makusudi. Najua unataka kunibishia kuhusu vita vya Shela. Simama, karibu.